Sabufa inadunda koridoni, kwenye kochi hamna kitu. Niiweke wapi?

Kibwana_Segerea

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wale wanaojua mziki wa nyumbani, siyo wa ukumbini. Nina ampu ya stereo ya kizamani ya Kijapani, lile chuma zito lisilo na bluetooth wala nini, na spika mbili za inchi 5, zilikuwa zinapiga vizuri tu ila besi ilikuwa ya kuombea, sasa mwezi uliopita nikapata sabufa yenye ampu yake humo humo ndani, inchi 10, used kutoka Uingereza. Siyo zile seti za Kariakoo zinazokuja na vispika viwili, hii ni boksi peke yake, nyuma ina nobu ya voliumu, nobu ya krosova (ya kuchagua sabufa ipande mpaka noti za wapi) na kaswichi ka fezi 0 na 180 (ka kugeuza koni isukume au ivute). Nimeiunga kwa waya za spika kutoka kwenye B ya ampu (yale matundu ya pea ya pili ya spika) maana ampu haina tundu la sabufa.

Sebule ni mita 5 kwa 4, silingi mita 3, tofali za simenti zimepigwa plasta, chini taili, madirisha aluminiamu. TV na spika ziko kwenye ukuta mfupi wa mbele, kochi liko katikati kabisa ya chumba kwa sababu nyuma yake kuna meza ya chakula, na upande wa kulia kuna upenyo wa kwenda koridoni hauna mlango. Sabufa nimeichomeka kona ya kushoto mbele, nyuma ya stendi ya TV, ndipo palipokuwa na nafasi na soketi.

Sasa shida. Nikikaa kwenye kochi besi siisikii, nasikia noti moja tu inavuma vuuuu wimbo mzima, nyingine hazipo, nikiweka rumba ambayo gitaa la besi linatembea naona linatokea na kupotea kama simu ya mtandao mbovu. Nikiinuka kwenda jikoni, nikifika pale kwenye upenyo mziki mnene mpaka kifua kinatikisika. Nikiongeza voliumu mama watoto analalamika vyombo vya wageni vinagongana kabatini na mtoto halali. Je hii sabufa ni mbovu, au inchi 10 ni ndogo niuze nichukue 12? Na zile sponji za mfano wa trei za mayai za kubandika ukutani zinasaidia?

mtoto_wa_Tandale

Haina ubovu hiyo, ipo vizuri kabisa, ila umewanunulia watu wa koridoni 😂 hamisha kochi ulipeleke huko

Dr_Volti

Kabla ya yote mkuu, angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Kama ni ya Uingereza kweli uko salama, 230 kama kwetu, lakini kuna mizigo inachanganywa humo za Marekani za 110, nyingine zina kaswichi kekundu ka 115/230, ukichomeka kakiwa kwenye 115 unanusa moshi siku hiyo hiyo. Mimi nimeletewa zaidi ya moja zimeungua kwa staili hiyo.

Kibwana_Segerea

Dr_Volti imeandikwa 220-240V, 50Hz, plagi yake ni ile ya fyuzi ndani kama zetu. Tandale wewe ngoja tu.

FundiSauti_Moro

Usiuze. Na 12 ukiiweka kona hiyo hiyo na wewe ukakaa hapo hapo utapata tatizo hili hili, tena kubwa zaidi, majirani ndio watafaidi.

Sabufa yako haina shida, umekaa kwenye shimo. Ngoja nikuwekee hesabu maana vipimo umevitoa vizuri. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Chukua hiyo gawa kwa urefu wa chumba mara mbili. Mita 5 inakupa 343 gawa kwa 10, ni 34 Hz, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, namba ikiwa ndogo noti ni ya chini. Mita 4 inakupa 43 Hz. Kwenda juu mita 3 ni 57 Hz. Hizo ndizo sauti ambazo chumba chako kinazishika na kuzirudisha kati ya ukuta na ukuta, na zikirudi hivyo besi haigawanyiki sawa chumbani: kwenye kuta inajaa, katikati inakufa. Ile ya 34 inakufa katikati ya mbele na nyuma, ile ya 43 inakufa katikati ya kushoto na kulia, na wewe kwa maelezo yako umeweka kochi katikati kwa pande zote mbili. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni 41 Hz, kwa hiyo noti za chini kabisa za rumba yako ndizo zinazoanguka kwenye shimo hilo.

Halafu ile vuuuu. Mara mbili ya 34 ni 69 hivi, hiyo yenyewe ni kinyume, katikati ya chumba ndipo inapojaa, na sabufa ikiwa kona inachochea kila kitu kwa nguvu zote. Kwa hiyo kwenye kochi unakosa za chini na unazidishiwa moja ya juu. Koridoni upo karibu na ukuta wa kulia ndio maana unapigwa kifuani. Kuongeza nobu hakusaidii, sifuri ukiizidisha mara mbili ni sifuri ile ile, unachoongeza ni kelele kwa wengine tu.

Sponji ya trei za mayai achana nayo kabisa kwa kazi hii. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8 na nusu, sponji ya sentimita 3 haina cha kulifanya, itakula sauti za juu tu chumba kidode na besi ibaki vile vile.

hometheater_Kimara

Mimi nasema rahisi tu, weka krosova 80 Hz, ndiyo standadi ya THX, wale wa viwango vya sauti ya sinema, dunia nzima, chini ya hapo sikio haliwezi kujua sauti inatoka upande gani, sabufa weka popote. Halafu nunua risiva yenye Audyssey, ina maiki yake, inapiga milio inajipima yenyewe inarekebisha kila kitu. Mimi nimeweka nusu saa kazi imekwisha, habari za kupiga hesabu za nini.

FundiSauti_Moro

Kimara 80 ni sawa kwako kwa sababu risiva yako inazikata spika ndogo pale 80 na kuipa sabufa kilichobaki. Yeye ana ampu ya stereo, spika zake hazikatwi, zinaendelea kushuka zenyewe mpaka kwenye 60 huko. Akiweka sabufa 80 basi kati ya 60 na 80 vinapiga vyote kwa pamoja, na hiyo 69 inayomsumbua iko humo humo, ataiongezea petroli. Yeye aanzie 50-60 apandishe taratibu.

Na hiyo Audyssey sina ugomvi nayo, ni nzuri kwa kushusha kilichozidi. Ila shimo haliwezi kulijaza, ikijaribu inaisukuma ampu ya sabufa bure. Kitu cha kwanza ni mahali sabufa ilipo na mahali kichwa chako kilipo, maiki baadaye. "Popote" hapana.

hometheater_Kimara

Sawa fundi nimekusoma. Lakini ukweli mimi kwangu imekaa poa.

FundiSauti_Moro

Sijakataa, inawezekana kochi lako lipo sehemu nzuri.

Kibwana fanya hivi, siku mama watoto hayupo maana akikukuta atadhani umerukwa na akili. Beba sabufa iweke juu ya kochi, pale pale unapokaa wewe. Urefushe waya. Weka wimbo wenye besi inayotembea, ya rumba au dansi ni bora kuliko amapiano, amapiano inakaa kwenye noti chache, utadanganyika. Zima spika za pembeni ibaki sabufa peke yake. Halafu wewe piga magoti, kichwa kiwe chini usawa wa sabufa itakapokaa, tambaa pembezoni mwa kuta zote ambako kiukweli sabufa inaweza kukaa. Usitafute panapopiga sana, tafuta panapopiga sawa, noti zote unazisikia na hakuna inayorukia nyingine. Ukipapata weka alama, rudisha sabufa pale, kaa kwenye kochi. Kinachofanyika ni kwamba njia ya sauti kutoka A kwenda B ni ile ile ya kutoka B kwenda A, kwa hiyo utakachosikia ukiwa chini pale ndicho utakachosikia kwenye kochi sabufa ikiwa pale.

Pili, hata kama meza ya chakula inabana, vuta kochi nyuma nusu mita tu. Nusu mita inatosha kukutoa kwenye shimo la 34. Usilipeleke mpaka ukutani, huko besi inajaa kupita kiasi.

Nyali_Beats

Habari wadau, mimi niko Nairobi kwa fleti, ghorofa ya tatu, so shida yangu ilikuwa ni majirani. Keateka, yule mwangalizi wa fleti, alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa. Vile mimi nilifanya, nilitoa hiyo wufa kwa kona nikaiweka kando ya kiti ninachokalia, karibu kabisa, kama kimeza hivi cha kuweka chai. Ukiwa karibu nayo unaisikia moja kwa moja kabla chumba hakijaiharibu, na unaweza kuipunguza voliumu sana, wewe unasikia vizuri na jirani hasikii kitu cha maana. Lakini krosova lazima ishuke, ikiwa juu utasikia mtu anaongea kutoka chini ya mkono wa kiti.

Kama boksi lako liko na tundu la hewa, jaribu pia kusukuma soksi ndani ya hilo tundu. Besi ya chini kabisa inapungua kidogo lakini inakuwa safi, ule uvumi unaisha. Hakikisha ni pea ya kutosha isimezwe ndani 😄

mtoto_wa_Tandale

Soksi ziwe zimefuliwa lakini

Bi_Mkunazini

Na mimi nichangie kwa upande wa vyombo kabatini, maana kwangu mume wangu ndiye mwenye ugonjwa huu. Shemeji ana haki, ule mlio wa glasi unaudhi kuliko mziki wenyewe. Tuliweka mlio mmoja wa simu unaopanda polepole kutoka chini kwenda juu, upo tele mtandaoni, yeye akakaa na simu mimi nikawa nazunguka naweka kiganja juu ya vitu. Utashangaa. Glasi zilikuwa sawa, kilichokuwa kinalia ni kioo cha mlango wa kabati kwenye ule mfereji wake, tukabana vipande vya raba ya ndala kikanyamaza. Kingine kikawa taa ya jipsamu, kile kizingo chake kinacheza. Kingine rimoti ya feni iliyotundikwa ukutani. Kila kimoja kina noti yake, ukipita hiyo noti kinalala.

FundiSauti_Moro

Bi Mkunazini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watu wengi wanalalamika sabufa inakwaruza kumbe ni jipsamu.

Kibwana_Segerea

Wakuu mrejesho. Jumamosi shemeji yenu alienda kwenye kikoba, nikafanya ule mchezo wa kutambaa. Kona zote za mbele ni vuuuu tupu. Katikati ya ukuta wa mbele, chini ya TV, noti za chini hamna kabisa, nimeshangaa maana nilidhani ndipo pangekuwa pazuri. Palipokuwa sawa ni ukuta wa kushoto karibu usawa wa kochi, nyuma yake kidogo, pale gitaa lilikuwa linashuka na kupanda noti kwa noti bila kupotea. Nimehamishia pale, kochi nimelivuta nyuma nusu mita, meza ya chakula imebanana na ukuta ila watu bado wanapita.

Tofauti ni kubwa wakuu, siyo ya kubembeleza. Sasa nimebakiza mawili. Moja, ile fezi sijui niweke 0 au 180, zote naona zinapiga. Pili, tangu niihamishe inatoa mlio mmmmmm hata mziki ukiwa umezimwa, siyo mkubwa ila usiku unasikika. Imechomekwa kwenye ekstensheni upande wa meza ya chakula.

FundiSauti_Moro

Chini ya TV hapana noti kwa sababu pale ni katikati ya kushoto na kulia, sabufa yenyewe nayo ikiwa kwenye shimo la 43 haiwezi kulisukuma. Ungekosa mara mbili.

Fezi: kaa kwenye kochi, spika na sabufa vyote vipige, weka mlio wa 60 Hz au popote ulipoweka krosova, voliumu ya wastani tu usichome kitu. Mtu mwingine akae nyuma ya sabufa abadilishe swichi 0, 180, 0, 180. Palipo na sauti kubwa zaidi ndipo sahihi, maana yake vinasukuma pamoja, ile ndogo vinafutana. Usijipime mwenyewe umeinama nyuma ya boksi, pale unasikia vingine. Usitumie simu kupima ukaiamini sana, maiki nyingi za simu zinapoteza besi, kwa kulinganisha hii na ile zinafaa, kwa namba hapana. Ukitaka kupima kweli kuna programu ya kompyuta inaitwa REW, ni ya bure, na maiki ya USB kama UMIK-1, hiyo ndiyo ya kununua.

Voliumu iweke mwisho. Anzia sifuri, pandisha mpaka uone mziki umepata miguu, basi ishia hapo. Kipimo changu: ukiizima ghafla mtu aliyepo sebuleni aseme mbona mziki umepungua, lakini ikiwaka asijue kwamba kuna sabufa.

Dr_Volti

Huo mlio ni wa umeme, 50 Hz na ndugu yake 100. Mara nyingi ni vifaa vimechomekwa soketi mbili tofauti na vimeungana tena kwa waya za sauti, umeme mdogo unazunguka humo. Ampu yako umeiunga na king'amuzi?

Kibwana_Segerea

Ndio, king'amuzi kinaingia kwenye ampu kwa zile jeki nyekundu na nyeupe.

jamaa_wa_spea

Rahisi sana hiyo, kata ile pini ya ethi kwenye plagi ya sabufa, mlio unakwisha hapo hapo. Wengi wanafanya.

Dr_Volti

USIFANYE HIVYO. Samahani kwa herufi kubwa. Ethi ipo kwa ajili ya siku waya wa umeme utakapogusa chuma cha boksi, bila hiyo wa kwanza kuigusa ni mtoto, na sasa boksi liko pembeni ya kochi anapocheza. Mlio una dawa nyingine.

Kibwana chomoa ule waya mnene wa dishi nyuma ya king'amuzi, acha vingine vyote, sikiliza. Mlio ukiisha basi unaingilia huko kwenye dishi. Usipoisha, leta ampu na sabufa kwenye ekstensheni moja, moja yenye ethi ya kweli siyo zile za miguu miwili. Pia waya wako wa spika usilale sambamba na waya wa umeme chini ya kapeti, ivushe ukatishe.

Kibwana_Segerea

Nimechomoa waya wa dishi, kimya kabisa! Nikirudisha, mmmm.

Dr_Volti

Basi ndio huyo. Kuna kakifaa kadogo ka kutenganisha, kanakaa katikati ya zile jeki nyekundu na nyeupe kati ya king'amuzi na ampu, waulize wauza mziki wa magari kale ka kuondoa mlio, wanako na siyo ghali. Au kama TV yako ina tundu la optiko, tumia kigeuzi cha optiko kwenda jeki, ule ni mwanga, umeme haupiti. Mimi ningechukua la pili.

hometheater_Kimara

Swali kwa fundi, nisichukuliwe vibaya. Nilisoma mahali kwamba sabufa mbili ni bora kuliko moja. Je yeye akipata ya pili si ndio anamaliza ubishi? Na mimi naifikiria.

FundiSauti_Moro

Swali zuri. Ndiyo, lakini siyo kwa ajili ya kelele. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, aliandika juu ya hili 2002, alijaribu kwa kompyuta mpangilio mwingi wa sabufa kwenye chumba cha mstatili, akaona mbili zikikaa katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya kazi nzuri sana, na kwamba ukiongeza kupita nne hupati faida ya maana. Faida ni kwamba watu wote wa kwenye kochi wanasikia besi inayofanana, siyo mmoja anavimbiwa na mwingine ana njaa. Kwa mtu anayesikiliza peke yake kwenye kiti kimoja kama Kibwana, moja iliyokaa mahali pake inatosha. Wewe wa sinema na familia nzima, mbili ndogo zinazofanana nunua badala ya moja kubwa.

Nyali_Beats

Kibwana tundu la hewa la boksi lako liko nyuma ama mbele? Kama ni nyuma usiibane kwa ukuta.

Kibwana_Segerea

Lipo nyuma mkuu. Sasa hivi limeachana na ukuta kama upana wa vidole vinne.

FundiSauti_Moro

Ongeza ifike shibiri moja, lipate kupumua. Ukiisogeza hivyo rudia ile ya fezi, inaweza kugeuka.

Kibwana_Segerea

Nimesogeza, fezi imebaki 180. Kigeuzi cha optiko nakifuata kesho Kariakoo. Ila jambo jipya, shemeji yenu ameweka kitambaa na chombo cha maua juu ya sabufa, anasema hatimaye imekuwa na kazi.

Bi_Mkunazini

Chombo kiwe cha plastiki 😂 na maji asiweke, ampu ipo humo ndani.